Kwa nini picha ya sablimesheni haikai kwenye fulana ya pamba

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina stesheneri ndogo hapa Morogoro. Nimenunua printa iliyobadilishwa itumie wino wa sablimesheni, pamoja na presi ya joto. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa fulana 30 za pamba za kikundi chetu cha vikoba. Zilitoka nzuri, ila zilipofuliwa mara mbili tu picha zikabaki kivuli. Aliyeniuzia anasema joto halikutosha, niongeze. Ni kweli? Mashine hii inafanyaje kazi, na inafaa kazi zipi hasa? Nina wateja wanaoulizia jezi nyeusi na kanga za sherehe.

Jibu: Dada, pole kwa hizo fulana. Aliyekuuzia ama amekuficha jambo, ama hajui anachouza. Ongeza joto utakavyo, pamba itaungua iwe ya manjano na picha itaondoka vilevile kwenye beseni. Wino wa sablimesheni unashika poliesta. Pamba haushiki, hata ukiubembeleza vipi. Hilo likikaa sawa kichwani, maswali yako mengine yote yanajibika kutokea hapo: jezi nyeusi, kanga, na kazi zipi upokee au ukatae.

Tuanze na kilichomo kwenye chupa ya wino. Mle ndani kuna chembechembe ndogo sana za rangi ambazo haziyeyuki kwenye maji, zinaelea tu, zikisaidiwa na dawa ya kuzizuia zisigandane. Jamii hii ya rangi inaitwa dispasi. Sifa yake kubwa ni kwamba ikifikishwa kwenye joto la nyuzijoto 180 na kuendelea, inatoka kwenye hali ya yabisi ikawa gesi moja kwa moja, bila kuyeyuka kuwa maji kwanza. Bila shaka umewahi kuweka kabatini vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza nondo. Havilowi, havichuruziki, lakini kila ukifungua kabati vimepungua, na nguo zote zinanuka. Rangi ya sablimesheni inafanya hivyohivyo, ila inahitaji joto kali, na inachukua sekunde badala ya miezi.

Gesi hiyo sasa inatafuta pa kuingia. Poliesta ni plastiki, na kwa kweli ni plastiki ya jamii ileile inayotengenezewa chupa za maji ya kunywa. Ikiwa baridi, minyororo yake imebanana, hakuna kinachopenya. Ikizidi nyuzijoto 70 au 80 minyororo inaanza kulegea, na ikifika karibu na 200 imeachia nafasi za kutosha. Rangi ikiwa gesi inaingia hadi ndani ya uzi wenyewe. Ukifungua presi, kitambaa kinapoa, minyororo inabanana tena, na rangi imefungiwa humo. Maji ya kufulia, hata yakiwa ya moto kiasi, hayafikii joto la kuufungua mlango huo vya kutosha. Ndiyo maana picha ya sablimesheni kwenye poliesta haibanduki wala haipasuki, na ukiipitishia kidole huisikii. Juu ya kitambaa hakuna kitu kilichobandikwa. Kitambaa chenyewe ndicho kilichobadilika rangi. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi hadi 260, kwa hiyo una nafasi ya kufanyia kazi kati ya joto la kuifungua na joto la kuiharibu, ingawa si kubwa sana.

Pamba haina mlango wa namna hiyo. Ni selulosi, inapenda maji, na rangi hii haipendi maji. Joto halilegezi minyororo ya pamba kama linavyolegeza plastiki. Gesi inafika, inatua juu ya nyuzi, inaonekana nzuri machoni, na sabuni ya kwanza inaanza kuizoa. Kile kivuli kilichobaki kwenye fulana zako kinanifanya nishuku kwamba hazikuwa pamba tupu. Fulana nyingi zinazouzwa kama pamba ni mchanganyiko. Kwenye kitambaa chenye poliesta asilimia 65 na pamba 35, rangi iliyoingia kwenye poliesta inabaki, iliyokaa juu ya pamba inaondoka, nawe unabaki na picha iliyofifia. Wako wanaoitafuta sura hiyo makusudi, wanaiuza kama fulana ya kizamani. Ni sawa, mradi mteja ameambiwa kabla ya kulipa.

Usiamini lebo, wala usiamini neno la muuza jora. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo la ndani, uziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani. Pamba inaungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kitone kigumu usichoweza kukisaga kwa vidole. Mchanganyiko unatoa vyote viwili. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kingekuokolea fulana 30.

Historia yake nitaipitia haraka, kwa sababu inaeleza kwa nini mambo yako hivi. Rangi za dispasi zilibuniwa Uingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya kitambaa kipya cha asetati, ambacho rangi za pamba hazikukiingia. Poliesta ilikuja mwaka 1941, kazi ya wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson huko Uingereza, nayo ikakataa rangi za pamba na kuzikubali za dispasi. Tabia ya rangi hizi ya kuruka zikipata joto ilikuwa usumbufu viwandani, maana zilihamia mahali zisipotakiwa. Mfaransa Noël de Plasse, aliyekuwa kwenye kiwanda cha sufu cha Roubaix, ndiye anayetajwa kuwa mwaka 1957 aliugeuza usumbufu huo kuwa ufundi: chapa kwenye karatasi kwanza, kisha liachie joto kazi ya kuhamisha. Wakati huo karatasi zilichapwa kwa mitambo ya kiwandani, kwa mamia ya mita, na hakuna ambaye angekuchapia fulana moja. Printa za kompyuta ndizo zilizoileta kazi hii hadi kwenye meza ya stesheneri.

Na hapo unaweza kujiuliza kwa nini karibu kila printa iliyobadilishwa mtaani ni Epson. Kichwa cha Epson kinasukuma wino kwa kijiwe kinachojikunja kikipitiwa na umeme, bila kuuchemsha. Canon na HP nyingi za mezani zinarusha wino kwa kuuchemsha ghafla, na wino huu haupatani na joto la namna hiyo. Ila fahamu kwamba ukishatia wino wa sablimesheni kwenye printa iliyoundwa kwa wino wa kawaida, garantii yake imekwisha, na usijaribu kurudisha wino wa kawaida humo. Ikiwa ya sablimesheni, iache iwe hivyo. Na usiiache imelala wiki nzima. Chembe zinatua na kuziba matundu. Chapa hata ukurasa mmoja wenye rangi zote kila baada ya siku mbili tatu.

Sasa kazi yenyewe. Picha inachapwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, kwenye karatasi maalumu yenye tabaka la kuushikilia wino kwa juu usinywe ndani. Rangi kwenye karatasi zitaonekana zimepauka, nyeusi inafanana na kijivu, nyekundu imefubaa. Usishtuke wala usiongeze wino. Rangi halisi inajitokeza baada ya joto. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuchagua rangi kwa kuangalia skrini au karatasi. Tengeneza kibao chako cha rangi: chapa viboksi vingi vyenye namba, vihamishie kwenye kitambaa unachotumia kila siku, ukitundike ukutani. Mteja akitaka kijani cha Yanga au nyekundu ya Simba, achague kwenye kitambaa hicho. Muuzaji wa wino akiwa na profaili ya rangi ya wino wake, yaani faili la kuielekeza kompyuta jinsi wino huo unavyotoa rangi, ichukue uiweke kwenye kompyuta. Inapunguza sana kubahatisha.

Kitambaa kipitishe kwenye presi tupu sekunde 5 hadi 10 kwanza, unyevu utoke na mikunjo ilale. Morogoro wakati wa masika hatua hii hairukwi. Karatasi nayo inanyonya unyevu, kwa hiyo ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa. Unyevu ukigeuka mvuke katikati ya kazi unausukuma wino pembeni, na kingo za herufi zinavimba. Kisha pitisha rola yenye nata kuondoa vumbi na vinyweleo. Vitone vya buluu visivyoeleweka vinavyotokea kwenye fulana nyeupe mara nyingi ni kinyweleo kimoja cha kitambaa kingine, rangi yake nayo imegeuka gesi na kutua hapo. Laza karatasi, ishike kwa utepe wa kuhimili joto, weka karatasi nyeupe ya kawaida chini na juu, kisha bana. Kwa fulana na jezi anzia nyuzijoto 195 hadi 200, sekunde 45 hadi 60, mgandamizo wa kati. Hivyo ni vipimo vya kuanzia tu. Kila kitambaa kina chake, jaribu kwenye kipande kwanza.

Ukifungua, inua karatasi kwa mkupuo mmoja ingali ya moto. Ikiteleza hata kidogo wakati gesi bado inatoka, picha inapata pacha wake wa kivuli. Karatasi za kinga zitupe baada ya matumizi. Wengi wanang'ang'ania shuka moja la tefloni mwaka mzima, halafu wanashangaa jina la timu ya jana likitokea mgongoni mwa jezi ya leo. Rangi iliyobaki kwenye kinga inaruka tena ikipata joto.

Aliyekuuzia yuko sahihi kwa jambo moja tu: presi zetu nyingi zinasema uongo. Kioo kinaandika 200, kona ya bamba iko 180. Kwenye poliesta, joto pungufu linakupa nyeusi iliyofifia. Joto likizidi, au muda ukizidi, nyeusi inaelekea kahawia na kitambaa kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Chapa karatasi nzima ya kijivu, ihamishe kwenye poliesta nyeupe inayojaza bamba lote, uone. Mabaka yatakuonyesha pembe zipi ni baridi, nawe utajua picha zako uziweke wapi. Umeme nao uuangalie. Presi ya sentimita 38 kwa 38 inakula kati ya wati 1,400 na 2,000, na umeme ukiwa mdogo jioni bamba linachelewa kurudi kwenye joto lake kati ya fulana moja na nyingine. Fulana ya kwanza inatoka vizuri, ya tano imepauka. Na fungua madirisha. Moshi unaotoka pale si wa kuvuta siku nzima.

Jezi nyeusi. Wino huu hauna rangi nyeupe. Printa ina saiani, majenta, njano na nyeusi, na nyeupe yako ni kitambaa chenyewe. Kwa hiyo huwezi kuandika kwa njano juu ya fulana nyeusi ikaonekana. Sasa jezi nyeusi za viwandani zenye michoro ya kila rangi zinatoka wapi? Zilikuwa nyeupe. Kiwanda kinachukua poliesta nyeupe, kinachapa kifua, mgongo na mikono kwenye karatasi ndefu, weusi ukiwemo, kinahamisha yote kwa mtambo wa silinda kubwa la moto, kisha kinakata na kushona. Namba, jina la mchezaji na nembo ya mdhamini vinaingia humohumo kwenye mchoro. Ndiyo njia bora ya jezi, na ndiyo maana rangi inafika hadi kwenye mshono. Ukichapa fulana iliyokwisha kushonwa, kwapani na penye mikunjo patabaki michirizi myeupe, kwa kuwa gesi haikufika.

Wewe mwenye printa ndogo huna mtambo huo, na sikushauri ukimbilie kukopa. Katika miji mikubwa wapo wenye silinda wanaochapa kwa mita. Unaweza kuchora jezi za timu za ndondo, ukapeleka kuchapisha, ukampa fundi wako ashone. Faida iko kwenye usanifu na ushonaji, si lazima mashine iwe yako. Onyo moja: kitambaa chenye lastiki nyingi kikivutwa kinaonyesha weupe wa ndani, hasa kwenye nyeusi iliyojaa. Mwonyeshe mteja kikiwa kimevutwa kabla hajaagiza.

Onyo jingine linawahusu wanaobandika namba baadaye. Jezi nyekundu ya sablimesheni ikibandikwa kwa joto kali namba nyeupe ya vinili (plastiki nyembamba inayokatwa na kubandikwa) au ya DTF (picha inayochapwa kwenye filamu na kubandikwa kwa gundi), baada ya siku chache namba inageuka pinki. Rangi ya kitambaa imeruka na kuingia kwenye namba. Tumia joto la chini kabisa linalokubalika, au vinili yenye tabaka la kuzuia. Bora zaidi, namba iwe kwenye mchoro tangu mwanzo. Hatari hiyohiyo iko unapozipanga jezi za moto juu kwa juu zikiwa ndiyo kwanza zinatoka kwenye presi.

Kuhusu zile fulana 30, kuna dawa za kupulizia zinazodai kuifanya pamba ipokee sablimesheni. Zinapaka ngozi ya plastiki juu ya pamba, kitambaa kinakakamaa, na ngozi hiyo inachakaa kwa kufuliwa. Sizipendi. Kwa fulana za pamba nenda kwenye silkskrini, ile ya kupitisha rangi kwenye fremu ya wavu, kama idadi ni kubwa na rangi ni chache, au DTF kama ni chache na zina picha. DTF ina wino mweupe na gundi, inashika pamba hata ikiwa nyeusi, ila unaisikia mkononi. Ukitaka kuzifunika hizo zilizoharibika kwa DTF ya mchoro uleule, zifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni mpaka zisitoe rangi tena, kisha jaribu moja uisubiri wiki nzima. Rangi iliyobaki kwenye uzi inaweza kupanda na kuchafua weupe wa DTF.

Kanga nakushauri uikatae kwa heshima. Kanga ni pamba, na viwandani inachapwa kwa rangi za pamba. Unaweza kuchapa poliesta yenye pindo, mji na jina, na kwenye picha za simu hakuna atakayejua. Lakini kanga inafunga kiuno, inabeba mtoto, inakausha uso, na poliesta hainyonyi maji wala jasho. Mama atajua siku ya kwanza. Halafu kanga moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi, printa yako haigusi hapo. Kwenye sherehe hizohizo ziko kazi zinazofaa kabisa: skafu za satini za mahafali, mitandio ya shifoni ya poliesta, mapambo ya kitambaa ukumbini. Pima kwa kiberiti kwanza, maana satini na shifoni ni aina za ufumaji na zipo za nyuzi mbalimbali.

Kwa ukubwa wa mashine yako, kazi za kukulisha sasa ni vikombe, kamba za vitambulisho, mbele ya kofia zenye poliesta nyeupe, mito midogo ya sebuleni na fulana nyeupe za poliesta zenye picha kifuani. Kikombe lazima kiwe kile chenye mipako ya kupokea sablimesheni, kwa sababu mipako hiyo ndiyo inayofanya kazi ya poliesta. Cha kawaida cha sokoni picha itafutika kwa sponji. Utahitaji presi ya duara, na muda wake ni mrefu kuliko wa fulana.

Bendera na mabango ya kitambaa ni soko kubwa, ila mengi yanachapwa na mashine zinazorusha wino moja kwa moja kwenye poliesta nyepesi na kuipitisha kwenye joto, ili rangi itokee upande wa pili. Ukipokea oda ya bendera ya nje uitume huko, na mwambie mteja mapema kwamba jua linazipausha rangi hizi. Ya ndani ya ofisi itadumu miaka. Ya mlingotini kwenye jua la Dodoma aiwekee bajeti ya kuibadilisha. Wateja wa jezi waambie wazianike kivulini zikiwa zimegeuzwa ndani nje, na pasi ikibidi iwe ya joto la chini, juu ya kitambaa kingine cheupe wasichojali kukichafua.